Treni ya 209 ya Japani: kwa nini iliundwa kwa nusu ya umri?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi umeme, naishi Morogoro, na tangu Mchongoko, treni yetu ya umeme ya SGR, ianze safari nimekuwa nikifuatilia sana habari za treni za umeme. Nimekutana na habari ya treni moja ya Japani, aina ya 209, kwamba iliundwa makusudi idumu nusu ya umri wa treni za kawaida. Nimeshindwa kuelewa. Hawa si ndio watu tunaonunua magari yao yakiwa yameshatembea miaka kumi na tano na bado yanadunda? Nimesoma pia kwamba katika mabehewa kumi ya treni hiyo ni manne tu yenye mota, wakati ile ya zamani ilikuwa na sita. Inakuwaje mota zipungue na kazi ibaki ileile? La mwisho: hizo walizozistaafisha, kwa nini tusizinunue sisi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nafurahi kuulizwa na fundi umeme, maana naweza kuingia ndani ya mashine bila kuzungukazunguka.

Treni ya 209 haikuundwa ife ikifika miaka 13. Iliundwa ifanye kazi miaka 13 bila kufumuliwa karakanani, na ikishafika hapo mwenye mali awe huru kuamua kama ataikata vyuma au ataikarabati, kwa sababu katika hesabu zake gharama ya kuinunua imeshakwisha. Miaka 13 ndiyo muda ambao sheria za kodi za Japani zinautumia kuhesabu uchakavu wa behewa la umeme. Waliosikia habari hii juujuu, hata huko huko Japani, waliiita treni ya kutumia na kutupa. Mimi naona waliionea, ingawa kuna mahali walikuwa na haki ya kulalamika, na nitapafikia.

Ili uone kwa nini watu wenye akili zao walifika kwenye uamuzi huo, lazima kwanza uifahamu treni waliyotaka kuiondoa. Tarehe 1 Aprili 1987 shirika la reli la taifa la Japani lilivunjwa na kugawanywa katika kampuni mbalimbali. Kampuni ya JR East, iliyopewa Tokyo na upande wa mashariki, ilirithi mabehewa mengi sana ya aina ya 103. Aina hiyo ilitengenezwa tangu 1963 hadi 1984, na jumla yake yalikuwa mabehewa 3,447. Bodi lake ni la chuma cha kawaida kinachopigwa rangi, kwa hiyo kutu na rangi vilikuwa kazi ya kudumu. Mota zake ni za DC, zenye brashi za kaboni zinazosuguana na komuteta, ile silinda ya shaba kwenye shafti, ili kupitisha umeme, na mwendo wake ulidhibitiwa kwa rezista, yaani koili za kuzuia umeme.

Wewe fundi unajua maana yake. Mota ya DC ikiwa imesimama haina volti ya kupinga umeme unaoingia. Ukiiunganisha moja kwa moja na waya wa juu wenye volti 1,500, mkondo utapanda hadi uiunguze. Basi mbele ya mota wanaweka safu ya rezista, na kadiri treni inavyoshika kasi, shafti yenye kamu inazunguka na kuziondoa moja baada ya nyingine. Chini ya sakafu ya behewa unakuwa umebeba majiko ya koili, na kila treni inapoondoka kituoni sehemu ya umeme uliolipiwa inageuka joto na kupotea hewani. Na 103 ilikuwa treni ya vituo vilivyokaribiana, ile inayosimama na kuondoka kutwa nzima. Kwenye breki hali ilikuwa hiyo hiyo: nguvu yote ya mwendo iliishia kuwa joto, na hakuna hata wati moja iliyorudi kwenye waya.

Wahandisi wa Kijapani walikuwa wanalijua tatizo hili siku nyingi. Mwaka 1979 walitoa aina ya 201, iliyotumia thairista, yaani swichi za kielektroniki, kukatakata umeme badala ya kuuchoma, na iliyoweza kurudisha umeme kwenye waya wakati wa kufunga breki. Ilifanya kazi vizuri, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno kwa shirika lililokuwa limezama kwenye madeni. Mwaka 1985 ikaja 205, yenye bodi jepesi la chuma kisichoshika kutu na mfumo wa bei nafuu zaidi wa kurudisha umeme, lakini mota zake zilibaki zile zile za brashi. Mwaka 1986 walijenga treni moja tu ya majaribio, 207, yenye inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa DC kuwa AC, na mota za AC. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya kuyapata kwa bei ambayo ingeiwezesha kampuni kubadilisha maelfu ya mabehewa badala ya mamia.

Hapo ndipo JR East ilipoweka malengo matatu: nusu ya uzito, nusu ya bei, nusu ya umri. Mwaka 1992 wakatengeneza treni tatu za majaribio, zilizoitwa aina ya 901, kila moja ikiwa na vifaa vyake na mbinu zake za ujenzi, wakaziweka kwenye njia ya Keihin-Tohoku zibebe abiria wa kweli. Njia hiyo inatoka Omiya upande wa kaskazini, inapita katikati ya Tokyo, inateremka hadi Yokohama, na ilikuwa miongoni mwa njia zenye msongamano mkubwa nchini. Kuijaribu treni pale ilikuwa kuijaribu kwelikweli. Mwaka uliofuata, 1993, treni za 209 zenyewe zikaanza kutoka kiwandani.

Sasa tuje kwenye umri, maana ndilo swali lako la kwanza. Treni ya zamani ilitarajiwa kuishi miaka thelathini hivi, na katikati ya umri wake ilifanyiwa matengenezo makubwa: nyaya zinavuliwa, vyuma vilivyooza vinakatwa na kuchomelewa vipya, mota zinafumuliwa. Kazi hiyo ni ya mikono na ni ghali, na kampuni iliona wazi kwamba mafundi wa kuifanya watazidi kupungua. Baada ya kutumia fedha zote hizo unabaki na treni iliyokarabatiwa, inayokula umeme kama zamani, yenye teknolojia ya miaka ishirini iliyopita. Wakati huohuo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, vifaa vya elektroniki za nguvu vilikuwa vinabadilika haraka sana. Inveta ya mwaka 1993 ilitumia thairista za GTO; haikupita miaka mingi transista za IGBT zikazifanya zionekane za kale. Ukijenga treni ya miaka thelathini kuzunguka kifaa kama hicho, umejifunga kutafuta vipuri ambavyo kiwanda kimeshaacha kuvitengeneza.

Wakajiuliza swali la kihandisi kabisa: je, tunaweza kujenga bodi ambalo kwa miaka 13 halihitaji kupigwa rangi, mota ambazo hazihitaji brashi, na milango, viti na mabomba ambayo hayahitaji kufumuliwa, halafu tukaokoa fedha ya yale matengenezo makubwa na kuitumia kununua treni mpya yenye teknolojia mpya? Kwa hiyo, ile nusu ya umri ilihesabiwa kwenye karatasi za wahasibu na kwenye ratiba za karakana. Hakuna mahali walipopunguza unene wa chuma ili kioze mapema. Chuma kisichoshika kutu hakijui miaka 13 ni nini. Ukipanda leo behewa la 209 lililotengenezwa miaka ya 1990, utakuta bodi lake zima.

Tuingie kwenye mota. Treni ya 103 kwenye njia ile ilikuwa na mabehewa kumi, sita yenye mota na manne ya kukokotwa tu. Kila behewa la mota lina ekseli nne na kila ekseli mota yake, kwa hiyo mota 24, kila moja ya kilowati 110. Jumla ni kilowati 2,640. Treni ya 209 ina mabehewa manne ya mota: mota 16 za kilowati 95, jumla kilowati 1,520. Kwa hesabu ya harakaharaka treni mpya ilipaswa kushindwa hata kuondoka kituoni. Lakini kwenye ratiba haikuwa nyuma ya 103, na mwendo wake wa juu ni kilomita 110 kwa saa, zaidi ya mtangulizi wake.

Sababu ya kwanza ni uzito. Lengo la nusu halikufikiwa, lakini treni nzima ya mabehewa kumi ilishuka hadi karibu theluthi mbili ya uzito wa 103. Ukiondoa zaidi ya tani mia moja kwenye treni moja, kila kuondoka na kila kusimama kunahitaji nguvu kidogo.

Sababu ya pili ni namna mota zinavyopewa kipimo. Kilowati 95 ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa kwa saa nzima bila kupata joto kupita kiasi. Treni ya mjini haivuti saa nzima. Inavuta kwa nguvu nusu dakika hivi, kisha inaserereka, kisha inafunga breki. Mota ya DC hata ikizidishiwa mzigo kwa muda mfupi ina kikomo chake pale kwenye komuteta, maana mkondo ukizidi brashi zinatoa cheche na komuteta inaungua. Mota ya fezi tatu ya 209 haina brashi wala komuteta. Ndani ya rota kuna fito tu, hakuna cha kutoa cheche. Unaweza kuisukuma kupita kipimo chake kwa sekunde hizo chache, halafu ikapoa wakati treni inaserereka. Wabunifu walikaa wakahesabu joto la mota kwenye safari halisi ya Keihin-Tohoku, kituo kwa kituo, wakachagua mota ndogo inayotosha.

Mota hiyo pia inavumilia kuzunguka haraka, ikawaruhusu kubadilisha gia. Kwenye 103 uwiano wa gia ulikuwa meno 15 kwa 91, yaani mota inazunguka mara sita na kidogo gurudumu likizunguka mara moja. Kwenye 209 ni meno 16 kwa 113, mara saba na kidogo. Piga hesabu mwenyewe: gurudumu la milimita 860, treni ikiwa kwenye kilomita 110 kwa saa, mota inazunguka karibu mara 4,800 kwa dakika. Gia hiyo inaipa mota ndogo mkono mrefu wakati wa kuondoka.

Sababu ya tatu naipenda kuliko zote, nayo ni namna gurudumu linavyoshika reli. Chuma juu ya chuma, tena siku ya mvua, kinateleza kwa urahisi. Kwenye 103, kila rezista inapoondolewa, nguvu ya mota inaruka ghafla kwa hatua, na katika mruko huo gurudumu linaweza kuteleza. Kwa sababu hiyo walilazimika kugawa kazi kwa ekseli nyingi ili kila moja ivute kidogo na kwa usalama. Inveta haina hatua. Inapandisha volti na masafa taratibu na bila kukatika, na ikihisi gurudumu linaanza kuteleza inapunguza nguvu mara moja, kisha inairudisha. Zaidi ya hayo, mota hii ya fezi tatu, inayoitwa ya induksheni, ina tabia njema ya kuzaliwa nayo: ikikimbia kupita masafa inayopewa, nguvu yake inashuka yenyewe. Kwa hiyo kila ekseli inaweza kubebeshwa kazi kubwa zaidi bila hofu. Ndiyo maana zikatosha ekseli 16.

Ukitaka kuona yote haya yakifanya kazi, simama jukwaani treni ya inveta za GTO inapoondoka. Unasikia mlio unaopanda, unashuka ghafla, unapanda tena, unashuka tena, kama mara kadhaa kabla treni haijaondoka jukwaani. Hiyo ni inveta inabadilisha idadi ya mara inavyowasha na kuzima thairista katika kila wimbi la umeme. Thairista za GTO haziwezi kuwashwa na kuzimwa haraka sana, mara mia chache tu kwa sekunde, na masafa hayo yako ndani kabisa ya sauti anazosikia binadamu. Treni za IGBT zinawasha na kuzima haraka zaidi, hivyo mlio wake ni laini. Nchini Japani kuna watu wanaopenda treni kiasi cha kurekodi milio hiyo na kuitambua aina ya inveta kwa masikio tu, na ninawaelewa kabisa.

Kwenye kusimama kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Dereva akiomba breki, kompyuta ya breki haigawi kazi sawasawa kwa mabehewa yote kumi. Kwanza inazitaka zile mota 16 zifanye kazi ya jenereta na kuvuta nyuma kadiri ziwezavyo, hata kwa niaba ya mabehewa yasiyo na mota. Kinachopungukia ndicho kinachojazwa na breki za hewa, na ni mabehewa yasiyo na mota yanayoanza kuchangia. Faida ni mbili: umeme mwingi unarudi kwenye waya, na pedi za breki haziliki haraka. Umeme unaorudi unatumiwa na treni nyingine inayoondoka karibu na hapo, na kwenye njia yenye treni kila baada ya dakika mbili tatu, mlaji hakosekani. Ikitokea hakuna treni ya kuupokea, volti ya waya inapanda, inveta inaacha kurudisha, na breki za hewa zinachukua nafasi bila abiria kuhisi lolote.

Matokeo ya yote ni takwimu ambayo JR East imeitangaza kwa miaka mingi: ukichukua umeme unaotumiwa na 103 kuwa asilimia 100, 205 inatumia 66 na 209 inatumia 47. Zidisha punguzo hilo kwa treni zote za njia moja, mwaka mzima, utaona ni kwa nini walikuwa na haraka ya kuziondoa za zamani.

Kuhusu bei, mbinu yao kubwa ilikuwa kuacha kumwamrisha mtengenezaji kila msumari. Zamani shirika lilichora behewa lenyewe hadi mwisho, na viwanda vyote vililazimika kufuata mchoro mmoja hata kama mashine zao zinafaa njia nyingine. Safari hii walieleza behewa linatakiwa kufanya nini, wakaacha kiwanda kichague namna ya kulijenga. Ndiyo maana behewa la 209 la Kawasaki na la Tokyu Car yanatofautiana ukiyatazama kwa karibu. Kawasaki waliimarisha kuta kwa kubandika bati la pili nyuma ya bati la nje, Tokyu Car walifuata mfumo wao wa mifupa. Tangu 1994 JR East ikaanza pia kuyatengeneza yenyewe kwenye karakana yake ya Niitsu, mkoa wa Niigata, na nadhani huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa, maana anayenunua treni akishajua kuzitengeneza, hadanganyiki na bei.

Ndani ya behewa nako walifikiria fundi na mfagiaji. Viti vimeshikiliwa na ukuta tu, havina miguu, kwa hiyo sakafu yote inafagilika na hita zinaning'inia chini ya kiti. Benchi la watu saba limegawanywa na nguzo mbili, watu wawili, watatu, wawili, ili saba wakae kweli badala ya sita waliojitanua. Vioo ni vikubwa, vyenye rangi ya kupunguza jua, hivyo hakuna mapazia ya kufua wala ya kuchanika.

Na hapa ndipo malalamiko yalipoanzia. Viti vilikuwa vigumu, na abiria walisema hivyo bila kuficha. Jambo zito zaidi lilikuwa madirisha. Kwa kuwa kulikuwa na kiyoyozi, madirisha mengi yalifungwa moja kwa moja, yasifunguke, ili kupunguza uzito na vipuri. Hesabu hiyo ilisahau siku umeme unapokatika. Treni iliyojaa ikisimama katikati ya vituo, kiyoyozi kimezima na madirisha hayafunguki, watu wanazidiwa. Katika miaka ya 2000 ikabidi warudi nyuma na kubadilisha baadhi ya madirisha ili yafunguke. Kwangu mimi hilo ni kosa la usanifu hasa, maana aliyepanga alihesabu siku za kawaida peke yake.

Kosa la pili ni la aina hiyo hiyo. Ukiwa na mabehewa manne ya mota, yaliyopangwa katika jozi mbili, jozi moja ikifa umepoteza nusu ya nguvu ya treni nzima. Ukiwa na sita katika jozi tatu, unapoteza theluthi. Kwenye njia ambayo treni inafuatwa na nyingine dakika mbili nyuma yake, treni moja iliyokwama inasimamisha mji. Walipounda E233, iliyoanza kazi Desemba 2006 kwenye njia ya Chuo, walirudi kwenye mabehewa sita ya mota kati ya kumi, wakaongeza nguvu ya mota hadi kilowati 140, na vifaa vikuu wakaviweka viwili viwili ili kimoja kikifa kingine kiendelee. Treni ikawa nzito zaidi ya 209, na wakakubali. Ukiisoma E233 vizuri, utaona kila walichojifunza kwa uchungu kwenye 209 kimeandikwa humo.

Lakini usidhani waliitupa fikra yenyewe. E231, iliyoanza mwaka 2000, ni 209 iliyokomaa, na ilienea Tokyo yote. Ndiyo iliyoleta mtandao wa kompyuta unaopeleka amri za kuvuta na kufunga breki kwa nyaya chache badala ya mafungu ya nyaya kutoka behewa hadi behewa. Hata ratiba za matengenezo zilibadilika kwa sababu ya kizazi hiki cha treni: badala ya kufumua kila kitu kwa miaka iliyopangwa, JR East ilianza kufuata kilomita, kazi moja kila kilomita 600,000, nyingine kila 1,200,000, na ile kubwa ya bodi kila 2,400,000. Kwa mota za brashi mpango kama huo usingewezekana, maana kaboni zingeisha njiani.

Na hizo 209 zenyewe? Treni za E233 zilianza kuingia Keihin-Tohoku Desemba 2007, na Januari 2010 209 ya mwisho ikaondoka kwenye njia hiyo. Walizitumia kwa takriban miaka 13, kama walivyopanga. Nyingi zilikatwa vyuma. Lakini mamia ya mabehewa yalivuliwa zile inveta za GTO, yakafungwa za IGBT, yakaongezwa vyoo, na kwenye mabehewa ya mwisho viti vya kutazamana, yakapelekwa kwenye rasi ya Boso, mkoa wa Chiba, mashariki mwa Tokyo. Huko yamefanya kazi miaka mingi zaidi. Treni moja ilibadilishwa ibebe watu na baiskeli zao, ikaanza safari mwaka 2018. Nyingine ziliuzwa kwa kampuni ya Izukyu, ambayo tangu 2022 inazitumia pwani ya Izu. Kwa hiyo ule uhuru wa kuamua baada ya miaka 13 ulitumika kweli: pale ilipofaa kukata walikata, pale ilipofaa kukarabati walikarabati.

Sasa swali lako la mwisho, la kuzinunua. Kuna nchi iliyofanya hivyo kwa kiwango kikubwa, nayo ni Indonesia. Treni za mjini Jakarta kwa miaka mingi zimekuwa ni mabehewa yaliyotumika Japani, zikiwemo 103 chache na mamia ya 205. Waliweza kwa sababu reli yao ina upana wa milimita 1,067 kama ya Japani, na waya wao wa juu una volti 1,500 za DC kama wa Tokyo. Treni ikishuka melini, unabadilisha maandishi na mambo madogomadogo, inaingia kazini.

Kwetu hesabu inagoma. Reli ya zamani ya TRC, na ile ya zamani ya Kenya na Uganda, ina upana wa milimita 1,000, kwa hiyo bogi za Kijapani, yaani fremu zenye magurudumu, haziingii. Ndiyo sababu Nairobi ilipotafuta treni za mitumba mwaka 2020 ilichukua za dizeli kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania, ambako nako reli ni ya mita moja. SGR yetu ni milimita 1,435, na waya wake ni volti 25,000 za AC. TAZARA ndiyo inayokaribia, maana upana wake ni milimita 1,067 kamili, lakini haina waya wa umeme, na 209 bila waya ni banda la chuma. Hata Katanga, kusini mwa Kongo (DRC), ambako reli ni ya 1,067 na sehemu yake ina waya, umeme wenyewe ni volti 25,000 za AC. Ili 209 ifanye kazi pale ungehitaji kuibebesha transfoma na vifaa vya kugeuza AC kuwa DC, tani kadhaa chini ya behewa lililobuniwa liwe jepesi, lenye fremu iliyohesabiwa kwa uzito wake tu. Ungelazimika kuimarisha fremu, kubadilisha bogi na kupanga upya vifaa vyote vya chini ya sakafu. Kwa gharama hiyo unanunua treni mpya iliyoundwa kwa waya wako, kama tulivyofanya kwa Mchongoko.